Bata Bukini Juu ya Barafu ya Riadh

Jumamosi, 8 Januari 1977, Riadh
Mdomo wangu huu! Juzi harusini Jidda, Hilal alikuwa akimsimulia Mzee Muhsin habari za gari lake jipya. Mzee ana binti, Samia. Namtaka Samia mpaka sili. Hilal naye anamtaka. Basi nikaropoka kwamba huku Riadh maji huganda, na kwamba nimewapiga picha bata bukini wa mwitu wakitembea juu ya barafu. Hilal akacheka. Mzee akaniambia niilete picha Ijumaa, maana mwongo hapewi binti yake. Picha sina. Kamera sina. Bata hao sijawaona maishani!

Jumapili, 9
Kamera nimepata! Ya Geoffrey, Mkenya, mpima ardhi wa ofisini kwetu. Nimemwambia ni kazi ya kafili, tajiri aliyetudhamini. Filamu moja, picha thelathini na sita. Maji nayo yapo: shimo la msingi wa hoteli nyuma ya kambi yetu limejaa mvua. Riadh nzima siku hizi ni mashimo. Nimekwenda alfajiri na makoti mawili. Baridi ya kufa mtu, lakini barafu mafi, hakuna. Bata mafi.

Jumatatu, 10
Hilal atanitambua! Nimenunua bata bukini wawili wa kufugwa sokoni Dira, na mabonge sita ya barafu. Nikayapanga ukingoni mwa lile shimo, nikawapandisha bata. Wakateleza. Wakaanguka. Mmoja akaning'ata paja, wallahi nililia. Mwingine akatoroka. Filamu yote nimeimaliza. Mlinzi Myemeni akauliza kama nina wazimu. Nikamwambia ni utafiti wa serikali. Akanipigia saluti!

Jumanne, 11
Siamini. Alfajiri nilirudi kumtafuta yule mtoro. Ukingo wote wa shimo umeganda! Barafu ya kweli! Na juu yake bata bukini wa mwitu, saba, wa kijivu, wametokea Mungu anajua wapi. Wazuri mpaka nikasahau baridi. Nikainua kamera. Filamu imekwisha! Nikakaa chini nikawatazama mpaka wakaruka. Sijawahi kuwa mkweli kiasi kile, na shahidi sina.

Ijumaa, 14, Jidda
Nimefika mtaa wa Kandara, nyumbani kwa Mzee, na picha ya wale bata wa sokoni. Hilal yupo, kajimwagia marashi chupa nzima. Mzee akavaa miwani, akaitazama picha, akauliza kwa upole: bata huyu wa mwitu, nani kamfunga kitambaa chekundu mguuni? Alama ya muuzaji, wala sikuiona! Hilal akagaragara kwa kicheko. Nikaungama yote, nikaeleza na ya Jumanne, kweli tupu, machozi yananitoka. Hakuna aliyeniamini. Nikajua basi, Samia kanipotea.

Mara sauti yake ikatoka nyuma ya pazia. Akamwambia baba yake kwamba huyu angalau kahangaika kwa ajili yake, Hilal kazi yake kununua tu. Mzee akaguna. Akasema haya, tutampa, kwa sharti moja: kuanzia leo uongo usimtoke tena kinywani. Nikaapa mara tatu. Furaha gani hii!

Chai ikaja. Mama yake Samia akauliza upigaji picha nilijifunzia wapi. Nikasema Uswisi, miaka miwili. Sijui imetoka wapi! Mama akafurahi sana, akataka kuiona barua ya mwalimu wangu kabla ya posa.

Jumamosi, 15, Riadh
Nimezunguka ofisi nzima kutafuta mtu wa kuniandikia barua kwa Kiswisi. Geoffrey anadai hakuna lugha hiyo. Wivu tu.