Valvu Zangu Zinamsikia Mke Wangu

Tokuji Onodera,
Kitakami.

Ndugu Mhariri wa Safu ya Ufundi,

Kwa heshima na masikitiko, mimi, msomaji wenu wa miaka ishirini na sita, nalalamika kuhusu kikuza sauti changu cha valvu, zile taa za kioo za mtindo wa zamani. Badala ya kukuza santuri peke yake, kinakuza nyumba nzima. Ukikanyaga sakafu, spika zinalia ting'! kama bakuli lililogongwa.

1. Nilifuata ushauri wenu. Niligonga kila valvu taratibu kwa kifutio cha penseli, ili inayolia kuliko wenzake nijue ndiyo mkosaji. Zililia zote nne.

2. Nilizivisha pete za mpira. Nikazibadilisha nafasi. Nikahamisha mashine mbali na spika, kisha nikaining'iniza darini kwa kamba. Kishindo kikabaki palepale.

3. Basi mkosaji ni mke wangu, Sachie. Ana visigino vizito. Nilimwomba kwa upole avae soksi mbili mbili. Akavaa. Nikamwomba akatie figili barazani. Alikubali, ingawa theluji ilikuwa imefika magotini.

4. Jirani yetu, Bibi Chiba, nilimwandikia asikung'ute magodoro kabla ya santuri kugeuzwa. Hajanijibu; ananiinamia tu kwa salamu, tena kidogo kuliko zamani.

5. Jumapili nilimwomba Sachie, wakati wa wimbo wa polepole, apumue kwa mdomo. Aliweka kikombe chini (ting'!) akasema: "Baba Masaru, hicho kidude chako kinanisikia kuliko wewe." Kitaalamu alisema kweli, nami nikayaandika maneno yake kwenye daftari la vipimo. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshika begi. "Nakwenda kwa dada, Hanamaki. Sikiliza sasa, ushibe."

Kwa hiyo naomba gazeti lenu, lenye mhuri na heshima, limwandikie mke wangu rasmi kwamba mwendo wake unapita kiwango kinachovumilika kwa valvu, na kwamba anaruhusiwa kurudi akishajifunza kutembea.

Wasalimieni mafundi wote, wapiga chapa, na yule mama anayepokea simu hapo ofisini. Sauti yangu ameshaizoea.

Wenu katika usikivu,
T. Onodera

Nyongeza: Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Leo ni siku ya nne niko peke yangu. Hakuna figili inayokatwa, na Bibi Chiba naye amesafiri. Nimeweka santuri, nikaketi kama jiwe. Ting'! Tena, ting'! Kwa mapigo, sawasawa na ngoma. Nikatazama chini: ni mguu wangu wa kulia, unapiga sakafu kufuata muziki. Nimeushika kwa mikono miwili, ule mlio ukakoma, muziki ukabaki.

Tafadhali msiichape barua hii. Na kama safu yenu ina ushauri wowote kuhusu namna ya kuomba radhi, nipigieni simu upesi. Treni ya Hanamaki huondoka kila siku saa nane, na mimi bado sijajua nianze na neno gani.