Anatakiwa Mtu Mwenye Sura ya Mkurugenzi

Bogomil Tashev hakuwa na kazi. Yeye na kazi walikubaliana tangu ujana kwamba kila mmoja ashike njia yake, na hakuna aliyewahi kuvunja ahadi. Alichokuwa nacho ni sura. Siku Mungu alipogawa sura katika mji wa Ruse, wenzake walikuwa bado wamelala. Bogomil akawahi foleni, akachukua yake na ya majirani. Alikuwa mrefu kama mlango, ana mvi chache kwenye panja utadhani zimechorwa na fundi, sauti inayoanzia tumboni, na kitambi cha heshima, kile kinachomfanya karani asimame kabla hajaulizwa jambo. Kwa sura hiyo alishakuwa daktari wa meno, mkaguzi wa lifti, na safari moja, kwa arusi nzima, mjomba wa bwana arusi.

Asubuhi hiyo alikuwa kwa kinyozi, kafunikwa shuka hadi kidevuni, anasoma gazeti la mtu mwingine. Akakuta tangazo: "Kampuni ya ujenzi inatafuta mkurugenzi. Uzoefu si lazima. Mwonekano mzuri ni sharti."

Akalirudia polepole, kama mtu anayelamba kijiko.

"Fanya haraka, Mitko," akamwambia kinyozi. "Leo naajiriwa."

"Wewe? Kazi gani?"

"Ukurugenzi."

"Unajua nini kuhusu ukurugenzi?"

"Najua wakurugenzi wana magari."

Mpango ulikuwa huo tu. Mkurugenzi hupewa gari. Ruse ina daraja, ng'ambo ya mto Danube ni Romania, na huko Bogomil alikuwa na rafiki ambaye mama yake alimlea vizuri: haulizi gari limetoka wapi. Mchana ukurugenzi, jioni supu ya utumbo ng'ambo.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la viatu. Nyuma ya meza alikaa mwenye kampuni, Drumev, sweta limetoboka kiwiko, suruali ya mazoezi imepauka magoti. Alikuwa anakula banitsa, ule mkate wa matabaka wenye jibini, kwa vidole, mafuta yanamtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono. Pembeni yake katibu, Zlatka, akipiga kucha tupa. Bogomil akamtazama yule bwana, akamwonea huruma. Huyu, akawaza, unamuuzia mto Danube, na jioni anakuja kuomba akopeshwe ndoo.

"Karibu, mzee," Drumev akasema, mdomo umejaa. "Geuka kidogo tukuone ubavu."

Bogomil akageuka.

"Unaonaje, Zlatka?"

"Kitambi kipo. Naomba akohoe."

Bogomil akakohoa kikohozi cha waziri aliyechelewa mkutano kwa makusudi.

"Safi. Umewahi kujenga?"

"Ndugu yangu, nilipokuwa Libya, kwenye yale madaraja..."

"Wacha, wacha, usiniharibie hamu," Drumev akamkatiza. "Nijibu hili tu. Saruji na unga, unavitofautishaje?"

Bogomil alisita. Swali lilinuka mtego. "Kwa kuonja," akasema.

Wale wawili wakatazamana kwa furaha, kama wazazi ambao mtoto wao ametembea hatua ya kwanza.

"Sasa sema: suala lenu linashughulikiwa," Zlatka akaagiza.

"Suala lenu linashughulikiwa."

"Tena. Tia huzuni kidogo."

"Suala lenu... linashughulikiwa."

Zlatka akashusha pumzi. "Mimi nimeamini. Na mimi naujua ukweli."

Mtu mwenye akili timamu angeuliza ukweli upi. Lakini macho ya Bogomil yalikuwa mezani, kwenye kitu kidogo cheusi chenye mpini.

Niseme neno hapa. Kwetu mtu anaweza kukosa meno, mke, hata nyumba, na bado akaitwa mtu. Kampuni ikikosa muhuri wa duara ni watu watatu waliokaa chumbani. Mwenye muhuri ndiye kampuni. Akiugonga kwenye karatasi ya gari, gari linauzika hata na mwendawazimu.

"Na muhuri?" Bogomil akauliza, kama anayeulizia choo kiko wapi.

Drumev akaukumbatia kifuani. "Muhuri hapana, mzee. Nalala nao. Mke wangu anauonea wivu."

"Mkurugenzi bila muhuri ni bawabu aliyevaa tai. Basi, kwaherini."

Akafika mlangoni. Drumev akamwita, akapangusa chozi kwa kidole chenye mafuta, akausukuma muhuri taratibu mezani. "Chukua. Ila gonga hapa na hapa, kwamba umepokea kampuni na mambo yake yote, ya jana na ya kesho."

Bogomil aligonga kama mtoto aliyepewa ngoma. Kusoma hakusoma; kusoma ni kazi. Zlatka akampiga picha, ikabandikwe kwenye jengo wateja wamjue.

"Na gari?"

"Liko gereji. Jumatatu asubuhi litakuwa hapa chini. Wewe kaa kitini tu."

Jumatatu akakaa kitini. Drumev hakuwepo, Zlatka hakuwepo, simu zao hazikupokelewa. Ilibaki harufu ya banitsa. Kisha akasikia miguu kwenye ngazi, akanyoosha tai kumpokea dereva.

Mlango ukafunguliwa na bibi kizee aliyebeba chungu cha maua. Nyuma yake ngazi ilijaa watu na masanduku, na mwanamume mmoja kajitwisha beseni la kuogea kichwani. Kati yao alisimama sajini wa polisi.

"Ni yeye, yule wa picha," bibi akasema. "Mwanangu, mimi naitwa Penka. Nimeleta maua ya roshani yangu. Ghorofa ya nane, kushoto."

"Hongera, bibi."

"Jengo lina ghorofa sita."

"Na hiyo ya sita," likasema beseni, "mmeniuzia mimi, na huyu, na shemeji yake."

Damu ilimshuka Bogomil hadi kwenye soksi. "Drumev yuko wapi?"

"Yule wa sweta lililotoboka?" sajini akauliza. "Jana kavuka daraja na gari zuri, yeye na binti mmoja. Tukadhani ni dereva wako. Alisema umemtuma."

"Suala lenu," Bogomil akaanza, na huzuni ilikuja yenyewe, "linashughulikiwa."

Ngazi nzima ikatulia. Hata beseni likaanza kushushwa.

"Utalishughulikia kituoni," sajini akasema.

Hapo Bogomil akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu abatizwe: alisema kweli. "Jamani, nisikilizeni. Mimi si mkurugenzi. Mimi ni tapeli. Nilikuja kuiba gari."

Bibi Penka akamkagua: mvi, tai, kitambi.

"Mwanangu, matapeli nawajua, wamenizunguka maisha yangu yote. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sura kama hiyo yako. Aibu, mtu mzima kukana cheo chake."

"Naapa kwa Mungu, bibi, hata saruji siijui."

"Wakurugenzi wote hawaijui," likasema beseni.

Sajini akaushikilia mlango, na mkono wake wa pili ukapiga saluti kabla hajauzuia. "Tangulia, mheshimiwa."

Na ngazi nzima, pamoja na yule mwenye beseni, ikajibana ukutani kumpisha.