Plasta kwenye Simu Mpya

Jumatatu, 3 Machi
Nimehama simu. Ile ya bei mbaya nimeiuza. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye aliyeniwekea kila kitu humo, na siku hizi amekuwa anajua mno habari zangu. Hii ni ya bei poa, mfumo mwingine kabisa. Muuzaji akaniambia, mzee, utapata tabu kuizoea. Nikamjibu kwamba aliyevuka mpaka na begi moja hashindwi kuhama simu. Picha zimevuka. Majina ya watu yamebaki ng'ambo. Hayo nayajua. Namba ya dada iko kichwani.

Jumanne, 4 Machi
Simu inauliza maswali. Naikubalia ijue nilipo? Naikubalia isikie sauti yangu? Hata askari wa mpakani hakuuliza kwa adabu hivi. Adabu ndiyo inayonitia shaka. Mchana nilimwambia mke wangu viatu vyangu vimekwisha soli. Jioni simu ikanitangazia viatu.

Jumatano, 5 Machi
Dawa imepatikana. Plasta ya kidonda: kipande kwenye kamera, kipande kwenye vitundu vya chini, masikio yake. Shemeji akapita, akauliza mgonjwa ameumia wapi. Haambiwi maana asiyejua maana.

Ijumaa, 7 Machi
Dada amepiga. Kesho anapasuliwa jicho. Tangu tulipotengana mpakani, yeye kule, mimi huku, hajaingia hospitali bila kunisikia kwanza. Nilimsikia vizuri. Nikamwombea, nikamtania, nikapaza sauti hadi jirani akagonga ukuta. Yeye anauliza tu: kaka, umeninunia? Mwisho akasema haya, nuna, lakini nikipofuka usiseme sikukuaga. Akakata. Nikampigia, amezima. Kuna mkono wa mtu hapa. Namjua.

Jumapili, 9 Machi
Jicho salama. Shemeji ameniazima simu yake, nimeongea na dada. Amecheka: anasema tangu utotoni ndiyo mara ya kwanza nimemwacha amalize sentensi. Nikageukia dirishani kidogo, vumbi.

Mke wangu akabandua plasta ya chini kwenye simu yangu, akaniwekea kiganjani. Kweli, ilikuwa ndogo.

Lakini hii ya Shemeji! Nimesikia hata pumzi ya dada. Chombo chenye masikio makali hivyo kinamsikilizia nani? Kabla sijamrudishia nimekibandika plasta. Ile pana, ya goti.