Nimetoa Viti Vyote Nje

Leo nimejiaibisha mbele ya majirani wa avenue nzima, na nina diplôme ya sheria.

Jirani mmoja alipofariki bila wosia, mashemeji walimtoa mjane wake nyumbani kabla matanga hayajaisha. Tangu hapo sina usingizi. Namtazama Maman akimenya viazi, najiuliza atalala wapi. (Papa ni mzima kabisa. Mimi ndivyo nilivyo.)

Nimembembeleza Papa mwaka mzima aandike wosia.

"Unanichimbia shimo na mimi ningali natembea?"

"Ni kwa ajili ya Maman, Papa."

Jana alilegea kidogo. Akasema nipige kwanza picha ya kila kitu cha nyumbani, halafu atafikiri. Sharti moja: majirani wa quartier wasijue.

Asubuhi akaenda mtaa wa Muhumba kucheza dame, ule mchezo wa kete, kwa rafiki yake, simu imezimwa kama kawaida. Nami nikatoa vitu vyote vya salon, sebule yetu, nikaviweka uani, kwenye mwanga mzuri.

Kazi ikaenda polepole. Kochi la kijani, kwa mfano, utalipigaje picha haraka? Lilikuwa gari letu la kwenda Uvira. Mimi dereva, dada zangu abiria, mito ndiyo mizigo. Nikafungua kabati la vyombo: bado lina harufu ya biskuti ambazo Maman alitufichia, akiwawekea wageni. Na ile redio kubwa. Papa aliizima wakati wa kula, tukabaki kusikilizana vijiko.

Nyuma ya kabati Maman akaokota picha ya ndoa yao. Papa ana nywele nyingi na suti ya kuazima. Maman akakaa sakafuni, katikati ya salon tupu.

"Mvua ilinyesha ile siku," akasema. "Alinibeba ku mugongo mpaka kanisani, viatu visichafuke."

Akacheka, kisha machozi yakaanza. Nikamwacha na machozi yake, nikaenda kuchapisha picha zangu.

Kurudi, nakuta wanawake mlangoni, mikono kichwani. Maman Zawadi, jirani yetu, ameshaleta makaa ya kupikia waombolezaji. Maman akanikumbatia.

"Papa yako ametuacha."

Mimi ninayesoma tarehe ya kuisha ya kila mkebe wa sardini sikuuliza hata amefia wapi. Nikaanguka chini, nikagaagaa.

"Papa, unaniacha na diplôme, bila kazi, bila bibi wa kuoa!"

(Mama mmoja alinyamaza kulia ili anisikilize vizuri.)

Nikiwa bado udongoni, akaingia Tonton Déo, mdogo wake Papa. Hakukaa. Alimwinamia Maman.

"Pole, shemeji. Documents za nyumba na parcelle ziko wapi? Nizichunge, kabla watu bengi bafike."

"Ziko mahali pake," ikajibu sauti nyuma yangu. "Na weye, mutoto, simama. Unachafula pantalon."

Papa. Kofia kichwani, andazi mkononi. Wanawake wawili wakakimbilia jikoni. Maman alimshika uso kwa mikono yote miwili.

"Nani aliwaambia nilikufa?" Papa akauliza.

Maman akamnyoshea kidole Maman Zawadi. "Si yeye aliingia analia, ananiambia pole? Nikafikiri ameleta habari."

"Habari gani?" Maman Zawadi akashangaa. "Niliona viti inje, salon haina kitu, weye chini unalia na foto yake. Ningefikiri nini?"

Huku kwetu salon hutolewa viti siku ya kilio. Kila mtoto anajua. Avenue nzima ikageuka kunitazama.

Papa hakunipigia kelele. Alimtazama Tonton Déo mpaka Tonton akaanza kupangusa viatu vyake. Kisha akakaa kwenye kochi la kijani, palepale uani, akaniomba kalamu na karatasi. Akaandika kwa mkono wake, akisoma kila sentensi kwa sauti ya mwalimu darasani: nyumba na kiwanja, Maman atakaa humo maisha yake yote, hakuna wa kumtoa.

"Déo, kuja utie sahihi. Utakuwa shahidi."

Tonton alitia sahihi. Alikosea jina lake mwenyewe mara mbili, ila mbele ya wageni tumesema ni majonzi.