Soksi Zangu Mtoni Turkwel

Wenzangu wa barazani, leo nimejivua nguo mchana kweupe. (Kwa maana ya aibu. Msishtuke.)

Lori la kunipeleka Kakuma kuanza kazi ya ualimu linaondoka kesho. Kwa hiyo niko Lodwar, nyumbani kwa Mama Ekai, aliyenipangisha chumba. Asubuhi kanipa chai. Chai gani hiyo! Nikamwuliza anatia nini.

"Ni maji tu ya mto, mwalimu."

Nikatoka kutembea, shingo ndefu. Mimi mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, nani wa kunifundisha kutazama mitaa mikongwe?

Nawaambieni, Lodwar ya zamani, hii ya kando ya mto, imenikosha roho! Maduka ya mabati yaliyochakazwa na jua, bado yamesimama. Akina mama wamevaa shanga hadi kidevuni, wanasuka vikapu vya makuti ya mikoma huku wakitaniana. Wazee wamelala kivulini, vichwa juu ya vigoda vyao vidogo, na hakuna anayewasumbua. Kila mtu ananisalimu "Ejok!" nami naitikia "Ejok!" kama mwenyeji (wa siku mbili).

Nikashuka mtoni. Mto wenyewe umekauka, mchanga mtupu. Katikati nikaona shimo limezungushiwa matawi ya miiba, ndani maji safi, baridi. Nikajiambia, watu hawa wakarimu jamani, wamemwekea msafiri mahali pa kunawa miguu! (Akili hiyo nimeisomea chuoni miaka miwili.) Nikasogeza miiba. Nikatumbukiza miguu. Raha! Nikafua na soksi.

"Mwalimu!"

Mama Ekai, debe kichwani, mbuzi wamejaa nyuma yake.

"Unaosha miguu kwa maji yetu ya kunywa? Hii miiba tuliweka ya mbuzi. Hatukujua tuweke ya mwalimu!"

Mto mzima ukaangua kicheko. Mimi nilitamani mchanga unimeze. Mbuzi walikuwa hawajanywa tangu jana, na nyumba yote inategemea shimo lile moja.

Hakunifukuza. Kanipa kibuyu. "Chota yote, mwaga mbali. Halafu chimba. Maji ingine itakuja."

Nikachota. Nikachimba hadi kiunoni, jua la utosi. Wale wazee wakaamka, wakahamisha vigoda vyao hadi ukingoni wapate kuona vizuri. Alasiri maji yakatoka, wakapiga makofi! Mbuzi wakanywa kwanza. Mimi wa mwisho, na nilistahili.

Jioni hii Mama Ekai kaniletea chai, tamu kuliko ya asubuhi. Pembeni ya kikombe kaweka soksi yangu, imekauka. Moja.

"Na ya pili, mama?"

"Tumefunga kwa miiba pale kwa shimo. Mwalimu mwingine akikuja, aone."

Basi kesho naripoti kazini na soksi moja. Anayetaka kucheka, aje kwanza achimbe.