Jina Langu Kileleni

Jumanne, 2 Septemba 1986

Naondoka kesho. Peke yangu! Mke wangu Baukje amesema milima ataiona kwenye kalenda, inamtosha.

Chanzo ni kaka yake, Sjoerd, mwenyekiti wa chama chetu cha matembezi. Juzi mbele ya wanachama wote alisema mimi hata daraja la baiskeli hunitoa jasho. Yeye eti tangu 1979 jina lake limo katika kitabu cha kileleni kule Uswisi, ambamo kila anayefika hujiandikisha, ndani ya kisanduku cha bati chini ya msalaba. Nikaropoka kwamba langu nalo litakuwemo kabla ya uchaguzi wa Jumatatu, na uenyekiti nitauchukua mimi. Katibu akadakia: atapiga simu kwenye nyumba ya wageni ya huko kuhakikisha.

Kupanda mlima sina mpango nako. Nimefungasha jibini la kilo nne. Mswisi yeyote anayepanda ataniandikia.

Jumatano, 3 Septemba

Treni nne. Tangu Basel, mpakani mwa Uswisi, nimeganda dirishani nikisubiri mlima. Nyasi. Miti. Mawe. Nikamlalamikia bibi aliyekaa mbele yangu kwamba kwenye picha ulikuwepo. Akasema, “Baba, inua kichwa.” Nikainua. Bado miti. “Inua zaidi!” Nikabandika shavu kwenye kioo.

Mungu wangu! Mahali ambapo maisha yangu yote nimezoea kuona mawingu, palikuwa na mwamba wenye theluji. Kwetu Friesland, Uholanzi tambarare, kitu kirefu ni mnara wa kanisa, nao hukaa mbali kwa adabu. Hiki kilikuwa hapahapa, juu ya chai yangu. Nilisahau kufunga mdomo.

Kisha kanisa dogo jeupe. Handaki. Kanisa jingine kama lile. Handaki. La tatu! Nikatamka kwa sauti kwamba Waswisi hawana ubunifu. Behewa zima likaangua kicheko. Kumbe ni lilelile: treni huzunguka ndani ya mlima huku ikipanda, mara kanisa liko juu yetu, mara liko chini. Watu walichimba hayo kwa mikono. Aibu ilinishika, lakini machozi yalinitoka kwa mshangao, si kwa aibu.

Alhamisi, 4 Septemba

Mwenye ile nyumba ya wageni ni Bi Regli, miaka sabini na miwili, hupanda kileleni kila Ijumaa. Nimepata mtu! Nikaweka jibini mezani, nikaanza kuchechemea. Akauliza ni mguu upi. Nikasema wa kulia. Akasema asubuhi ulikuwa wa kushoto.

Jibini akalichukua hata hivyo. Alisema aliwahi kumwandikia jina Mholanzi mmoja mwenye kifundo cha mguu kibovu, dhamiri ikamsuta mwaka mzima. Harudii. Kesho twende wote, alfajiri.

Nikamweleza kwamba nimefanya mazoezi: tuta la kuzuia bahari, nimelipanda mara arobaini. Akauliza lina urefu gani kwenda juu. Akapiga hesabu. Akasema kimo hicho kinanifikisha kwenye bustani yake ya kabichi.

Orodha ya chakula cha jioni ameiandika mwenyewe. Kila herufi ina mkia kama wa paka.

Ijumaa, 5 Septemba

Nilikufa mara tatu. Bi Regli alikuwa mbele, akiimba. Alikuwa akiniambia, “Twende, kijana!” Nina miaka hamsini na minane.

Kileleni ukungu mtupu. Msalaba. Kisanduku. Nikafungua kitabu, kalamu mkononi, nikatafuta mwaka 1979. Sjoerd Hoitinga. Mikia ya paka! Herufi zote! Nikamtazama Bi Regli. Bi Regli akatazama viatu vyake. Kumbe mwenyekiti wetu hajavuka kabichi! Nikacheka hadi nikakaa chini.

Hapo ukungu ukapasuka.

Milima nyuma ya milima, na nyuma yake mingine, kama vile aliyeiumba alinogewa akashindwa kuacha. Barafu ilikuwa ya buluu. Buluu! Kimya kilikuwa kikubwa hata nikasikia maji yakitembea katika bonde nisiloliona. Nikavua kofia. Nilijiona mdogo, na kwa mara ya kwanza udogo haukuniudhi. Sijui nilisimama muda gani. Bi Regli alinishika mkono tukateremka taratibu.

Jumamosi, 6 Septemba

Treni ya kurudi. Karibu na Basel nikatia mkono mfukoni. Kalamu.

Sikuandika jina!

Jumatatu, 8 Septemba

Katibu alipiga simu mbele ya wote. Bi Regli hasemi uongo: Hoitinga yumo, Terpstra, yaani mimi, hayumo. Nilisikia kabisa akianza kusema “lakini,” ila simu za nje ni ghali na katibu alikuwa ameshakata.

Sjoerd kura thelathini na moja. Mimi mbili, yangu ikiwemo. Nikasimama nikaeleza habari ya mikia ya paka. Walicheka zaidi ya lile behewa. Sjoerd akanipiga bega, “Pole, shemeji. Milima si ya kila mtu.” Nikamuuliza barafu ya kule juu ina rangi gani. Akasema, “Nyeupe, bwana! Swali gani hilo?”

Ukumbi mzima, niliyejua ni mimi tu. Nilifurahi karibu dakika nzima.

Nimefunga kifurushi cha Bi Regli: jibini mbili safari hii. Nimemwomba kwa heshima aniandikie jina Ijumaa hii, herufi zisiwe na mikia. Nimemwekea mfano wa mwandiko wangu.