Dawa ya Mashine ya Mama Agar

Zébédée alishuka Kamina mwaka wa 1999 kwa treni ya mizigo, akiwa na tai shingoni, mkoba mweusi na jenereta ndogo ambayo namna alivyoipata si kazi yetu kuichunguza. Ilikuwa vita, na wakati wa vita mtu mwenye tai haulizwi mengi. Hata hajatoka stesheni, aliona mstari wa watu mbele ya kibanda kimoja, akasimama kama paka aliyenusa samaki.

Sababu ya mstari ilikuwa hii. Hakuna aliyevuka kizuizi cha askari bila karatasi ya njia, na askari walikuwa wameamua kwamba karatasi iliyoandikwa kwa mkono ni ya uongo, iliyopigwa kwa mashine ni ya kweli. Mashine iliyobaki mjini ilikuwa moja tu, kompyuta ya Mama Agar, mjane wa Kimetodisti aliyekuwa zamani karani wa shule. Kwa kompyuta hiyo alilisha watoto wanne.

Ilikuwa kongwe. Mfumo wake ulikwisha kuachwa na waliouunda. Lakini Mama Agar aliujua uzee huo kama mtu anavyojua goti lake bovu, asilipandishe ngazi. Disketi ya mgeni haikuingia, hata ya pasta. Tena mashine hiyo haikuweka kitu kichwani: kila asubuhi ilisomeshwa mfumo upya kutoka kwenye disketi, na kila jioni Mama Agar aliitoa disketi hiyo, akaifunga kwenye kona ya kitenge chake. Nakala yake ililala ndani ya debe la unga.

Zébédée hakujua lolote kati ya hayo. Alijua maneno matatu ya kompyuta aliyoyaokota Lubumbashi, na bei ya vitu. Alikwenda kwanza kwa Omari, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka Maniema, mtu aliyeutazama mstari wa Mama Agar kila siku kwa uchungu. Omari aliahidi magunia saba ya samaki wakavu wa Kinkondja kwa mashine ile, bila kuuliza itatoka vipi. Tamaa haina masikio.

Kesho yake Zébédée alipita mbele ya mstari wote, akajitangaza daktari wa kompyuta.

"Mama, minyi niko docteur wa ba-ordinateur. Ile système yako iko muzee. Ba-virus banaingia mule sawa mbuzi mu shamba."

"Banapitia wapi, docteur? Mashine yangu haina na waya ya kwenda inje."

"Banapitia mu hewa."

"Ah! Sawa mafua."

"Njo vile! Na mwaka elfu mbili ikifika, itapasuka."

"Na meza?"

"Na meza, mama."

Watu wa mstari walirudi nyuma hatua moja. Zébédée alitoa disketi aliyoiita dawa. Mama Agar alitikisa kichwa.

"Ya mugeni haiingie hapa."

"Basi nitaibeba. Siku tatu tu, nitaitoboa shindano ya dawa, itarudi muzima."

Mama Agar aliitazama jenereta. Umeme wa mji ulikufa mara tatu kwa siku, na kila ulipokufa karatasi ilipotea katikati. "Na weye utaniachia gage gani?" akauliza.

Walikubaliana rehani iwe jenereta. Mama Agar alipiga mkataba wa mistari miwili: mashine ikirudi bila kupona, jenereta inabaki. Zébédée alitia sahihi bila kusoma, maana akili yake ilikuwa imekwisha kukaa juu ya magunia. Kisha mama alizima mashine, akatoa disketi, akaifunga kwenye kitenge. Docteur aliyaona yote kwa macho yake mawili na hakuelewa hata moja. Mama Agar alisaidia kufunga mashine kwenye baiskeli ya kukodi, akaikaza kamba mara mbili. Akikosea hesabu yake, watoto wanne watakula maneno.

Kwa Omari mashine iliwashwa mbele ya ndugu na majirani. Kioo kilikuwa cheusi, kikatoa mstari mmoja wa maandishi meupe, basi.

"Inalomba nini?" akauliza Omari.

"Inalomba… disketi ya système, patron."

"Uipatie."

Zébédée aliingiza ile ya dawa, ambayo ilikuwa na michezo ya watoto. Mashine ilikoroma, ikaandika mstari uleule.

"Docteur," alisema Omari polepole, akikaa juu ya gunia la kwanza, "minyi nilinunua sanduku? Sanduku niko nazo mingi. Beba yako. Na jua ikizama ungali mu Kamina, nitaita basoda na bunduki zabo."

Baiskeli ilirudi haraka kuliko ilivyokwenda. Mama Agar aliishika mashine kwa mikono yote miwili kabla ya kumsalimia mtu.

"Siku moja tu, docteur! Imepona?"

"Mama, unirudishie groupe yangu, niende," akasema Zébédée, akinyosha kidole kwenye jenereta.

"Imepona ao haikupona?"

"Haikukuwa mugonjwa!"

"Vidye wami, Mungu wangu! Basi ulinidanganya. Kama ilikuwa mugonjwa, haukuiponyesha. Namna zote groupe inabaki. Chagula."

Zébédée alichagua kutazama nje. Jua lilikuwa linashuka, na bila karatasi ya njia hakuna kutoka Kamina. Akaingia kwenye mstari, wa mwisho, kama mtoto wa watu.

Zamu yake ilipofika, jenereta ilikuwa inanguruma nje na disketi imekwisha kuingia mahali pake.

"Kazi yako?" akauliza Mama Agar.

"Docteur."

"Niandike docteur? Pa barrière basoda banashikaka ba-docteur, banabapeleka ku front ya vita."

Zébédée alisukuma mkoba wake nyuma ya miguu. "Andika mulimaji."

Mama Agar aliandika bila kosa hata moja, akamtakia safari njema.

Kwenye kizuizi cha njia ya Kabongo, sajenti aliisoma karatasi mara mbili, akausifu uzuri wake, kisha akamkumbatia mwenye karatasi.

"Mulimaji! Tangu juzi tunatafuta muntu ya kweli wa jembe."

Handaki la askari lilitakiwa liwe na urefu wa mita arobaini. Zébédée alianza kuchimba na tai shingoni. Kwenye mita ya tatu aliivua.